Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Yatima Aliyelelewa, na Watoto Wetu Wenye Baba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake ameshafariki, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Swali la Tabata

Hivi karibuni tulialikwa Tabata, Dar es Salaam, kutoa darsa baina ya Magharibi na Isha. Tabata utawakuta watu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kwa ajili ya biashara, wengine wana miaka ishirini huko, watoto wao wamezaliwa huko, na kisiwani wanakwenda Idi kwa Idi. Baada ya sala alitufuata mtu mmoja, wa makamo, akasubiri mpaka watu wametawanyika. Tumepata ruhusa yake kulieleza swali lake bila ya kumtaja.

Duka lake lipo Kariakoo. Anaondoka nyumbani kabla ya alfajiri ili foleni isimkute njiani, anasali huko huko mjini, na anarudi usiku watoto wakiwa wameshalala. Jumapili, siku ambayo wengine hupumzika, yeye huhesabu mali. Mwanawe mkubwa ana miaka tisa. Anamlipia skuli nzuri, amempeleka chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, nguo anavaa, chakula anakula, na akiugua anatibiwa. Lakini siku moja alibaki nyumbani kwa homa, akamuona mtoto anaingia, anamuamkia, kisha anakwenda kumsimulia mambo yake kijana anayewasaidia kazi za nyumbani. Hapo ndipo lilipomchoma.

Akatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, kwa matumizi hayo anayotoa amelipa deni lake mbele ya Allah? La pili alilisema kwa sauti ndogo zaidi. Yeye mwenyewe baba yake alifariki yeye akiwa hajui kusema, akalelewa na bibi yake Pemba. Hakuwahi kumuona baba anafanya nini ndani ya nyumba. Je, mtu asiyelelewa na baba anaweza kuwa baba?

La kwanza lina jawabu lake katika fiqhi, na tutalifikia. La pili tuliona halijibiwi kwa hukmu. Tukamsimulia maisha ya mtu ambaye jina lake watu wa pwani wanalijua, na vitabu vyake vimepita mikononi mwa wazee wetu. Leo tunawasimulia na nyinyi.

Nyumba aliyozaliwa

Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, rahimahullah, alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wa Mazrui ulikuwa umeutawala mji huo kwa takriban miaka mia moja mpaka mwaka 1837, ulipoangushwa na Sayyid Said bin Sultan. Baada ya kuondokewa na utawala, wapo katika ukoo huo walioshika elimu, na miongoni mwao ni baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah. Huyu alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka na akashika ukadhi Mombasa. Katika zama za Sayyid Barghash alifungwa kwa sababu ya msimamo wake katika mambo ya madhehebu, akatoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888.

Basi mtoto huyu alizaliwa kwa baba mtu mzima, mwenye elimu, aliyekwisha kupita katika mitihani, na ambaye watu walikuja kwake kusoma. Lau angeliishi, tungelisema mtoto amekuwa mwanachuoni kwa sababu baba yake ni mwanachuoni, na hadithi ingelikwisha hapo. Lakini Allah alikadiria jengine. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894. Al-Amin alikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Mtoto wa miaka mitatu hajarithi elimu ya baba yake. Hajasoma kwake hata herufi. Pengine hata sura yake haikai katika kumbukumbu. Alichobakiwa nacho ni jina, na jina peke yake halimfundishi mtu kusoma wala kusali. Tunawajua watoto wangapi wa maulamaa waliobaki na majina ya baba zao, na kitabu hata kimoja hawakukifungua?

Aliyesimama mahali pa baba

Aliyemchukua Al-Amin ni jamaa yake katika ukoo, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni naye, aliyekuja kuwa kadhi. Sheikh Suleiman alikuwa amesoma kwa marehemu Sheikh Ali. Tuizingatie nukta hii. Mwalimu amekufa, ameacha mtoto mdogo. Mwanafunzi anamchukua mtoto wa mwalimu wake na kumlea, na kile alichokipokea kwa baba anakirudisha kwa mwana. Elimu ya Sheikh Ali ikamfikia mwanawe kwa kupitia kifua cha mtu mwengine.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi njema katika jambo hili. Mtu akifariki, swali la mwanzo msibani baada ya kuzika lilikuwa mtoto atakaa na nani. Ami, mjomba, bamkubwa, mwanafunzi wa marehemu, jirani, mmoja angelisimama. Siku hizi, na tunalisema hili kwa masikitiko kwa sababu kesi zake zinatufikia, swali la mwanzo limekuwa nyumba itakuwa ya nani. Inafaa watu wajue kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye usimamizi wa mali ya yatima baada ya baba ni babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa, kisha kadhi. Ami hana usimamizi wa mali hiyo kwa sababu tu ya kuwa ni ami. Lakini mlango wa kumlea mtoto, kumfundisha na kumpenda upo wazi kwa kila jamaa, na mlango huo hauna foleni.

Sheikh Suleiman aliingia kwa mlango huo. Akawa ndiye mwalimu wa mwanzo wa Al-Amin. Na kusoma kwa zama zile hakukuwa kumkabidhi mtoto langoni na kumfuata jioni. Mwanafunzi alikaa chini mbele ya mwalimu na kitabu chake, akasoma, akasahihishwa, akasoma tena. Aliyekuwa akiishi na mwalimu wake aliona zaidi ya hayo: namna mwalimu anavyopokea wageni, anavyosikiliza wagomvi wawili, anavyonyamaza akikasirika, anavyoamka usiku. Malezi mengi huingia kwa njia hiyo, bila ya mtu kutangaza kwamba sasa anafundisha.

Tulipofika hapa, yule ndugu wa Tabata alitukatiza. Akasema bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Hakujua kusoma, lakini kila alfajiri alimuamsha kwa kumwekea maji ya moto ya kutawadhia, wala hakumkemea. Tukamwambia kwamba basi yeye alilelewa, na kwamba anayo ya kumpa mwanawe. Akanyamaza kidogo, kisha akatuomba tuendelee.

Unguja, na kuachiliwa aende

Alipokua, Al-Amin alisafiri kuja Unguja kutafuta elimu. Katika zama zile Unguja ilikuwa ni mji wa kuja kusoma, na waliotangaa zaidi ni mabahari wawili: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, aliyekuwa kadhi wa Zanzibar, na Sheikh Abdallah Bakathir, mwenye madrasa ya Ukutani. Al-Amin alisoma kwao wote wawili. Wanavyuoni hao walikuwa kama ndugu, na wote walifariki mwaka mmoja, 1925, Allah awarehemu.

Kuna mafunzo hapa kwa wazazi. Mlezi wake alikuwa mwanachuoni na angeliweza kumzuia mtoto abaki naye, amtumikie, awe fakhari ya nyumba yake. Mtoto akaenda kwa walimu wengine kwa kheri yake mwenyewe. Mlezi mwema anamshika mtoto wakati wa kumshika, na anamfungulia mkono wakati wa kumfungulia. Wapo wazazi wanaoachia mapema mno, mtoto wa miaka saba ameshakabidhiwa simu na televisheni. Na wapo wasioachia kabisa, kijana wa miaka ishirini na tano hana ruhusa ya kuchagua hata fani ya kusoma. Makosa haya mawili yanafanana, kwa sababu katika yote mawili mzazi anaangalia raha yake.

Sheikh Al-Amin hakuishia katika alichokipata kwa walimu wake wa karibu. Alisoma pia maandishi yaliyokuwa yakitoka Misri, ya Sheikh Muhammad Abduh na jarida la Al-Manar la Sayyid Rashid Ridha. Akayapima, akachukua, na katika mambo kadhaa akawa na rai zilizotofautiana na mazoea ya mji wake. Lakini hakuacha kuwaheshimu masheikh wake. Mtu aliyelelewa kwa mapenzi anaweza kutofautiana na wakubwa wake bila ya kuwavunjia hishima. Anayewavunjia hishima mara nyingi ni yule ambaye hakuwahi kukaa nao.

Yatima aliyewaandikia watoto wa watu

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Hapakuwa na jambo kama hilo kwa Waislamu wa pwani yetu. Sheikh aliiacha lugha ya wanavyuoni peke yao, akazungumza na muuza duka, mvuvi na mama wa nyumbani kwa lugha wanayoifahamu. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944.

Ukiyasoma mambo aliyoyashughulikia utamuona mtu ambaye fikra yake haitoki kwa mtoto. Aliwalaumu wazazi wanaotumia mali nyingi katika harusi na matanga kisha wakasema hawana cha kulipia elimu. Aliwahimiza Waislamu wajenge skuli zao, watoto wasome elimu ya dunia pamoja na dini, wasilazimike kuchagua moja. Aliwatahadharisha na kuiga desturi za Wazungu kwa kibubusa, hali wanaacha yale ya manufaa waliyonayo, kama bidii na umoja. Akatetea kusomeshwa kwa watoto wa kike, katika zama ambazo wengi waliona msichana akijua kuandika atamwandikia barua mwanamume. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mama ndiye mwalimu wa mwanzo, na mama asiyejua hawezi kutoa asichonacho.

Tena hakuishia katika kulaumu. Alianzisha Madrasa ya Ghazali pale Mombasa, na akaandika vitabu vidogo vya kufundishia dini kwa Kiswahili. Kitabu chake cha Dini ya Islamu kimewafundisha nguzo za dini watoto wa pwani kizazi baada ya kizazi. Mwanachuoni aliyefikia daraja yake angeliweza kuona kuandika namna ya kutawadha kwa ajili ya watoto ni kazi ya wadogo. Yeye aliiona ni kazi yake.

Mwaka 1932 alikuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika pia kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui wa Mombasa, kitabu kilichochapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Sisi tunapokiangalia kitabu hicho hatuachi kuwaza kwamba ni kazi ya mtu ambaye baba yake hakupata muda wa kumsimulia habari za wazee wake, naye akazikusanya ili watoto wengine wazikute.

Na lile alilotendewa na Sheikh Suleiman, naye alilitenda. Aliwasomesha vijana waliokuja kuwa nguzo. Jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa mwanafunzi wake, akashika ukadhi mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1963. Aliyemfuata katika kiti hicho, mwaka 1968, ni Sheikh wetu Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, mwenye tafsiri ya Qur'ani ambayo haikosekani katika nyumba zetu, na yeye pia alifaidika na Sheikh Al-Amin. Angalieni mnyororo huu: mtoto mmoja wa miaka mitatu aliyechukuliwa na jamaa yake mwaka 1894, na leo sisi visiwani tunakula matunda yake.

Mwanawe

Sasa tuje kwa Sheikh akiwa baba. Mwaka 1933 alizaliwa mwanawe aliyempa jina la babu yake, Ali. Huyu ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana dunia nzima. Sheikh alikuwa na matumaini naye: alitaka asome Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni wa dini kama babu na baba.

Haikuwa. Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na miaka 56. Ali alikuwa na miaka 14. Baba aliyefiwa na baba yake utotoni naye akamuacha mwanawe kabla hajawa mtu mzima. Sisi tunaoandika haya umri wetu ni karibu na huo aliofikia, na kila tunapoufikiria mwaka wake wa mwisho tunajiuliza: tukiitwa leo, watoto wetu tumeshawapa nini?

Kijana hakufanya vizuri mtihani wake wa mwisho wa skuli. Nafasi ya kwenda chuo kikuu ikafungika, akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu pale Mombasa. Mtu angelisema yamekwisha, huyu ni mtoto wa Kadhi Mkuu aliyeharibikiwa baada ya kufa baba. Lakini mwaka 1952, katika hafla ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.), kijana huyo alisimama akatoa hotuba. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwepo akisikiliza. Alivutiwa, na kutokana na hotuba ile njia ya kupata ufadhili ikafunguka. Mwaka 1955 Ali akaenda Uingereza kusoma. Baadaye alipata shahada ya Oxford, akawa profesa Makerere, kisha vyuo vya Marekani.

Ni wapi kijana wa miaka kumi na tisa alijifunza kusimama mbele ya watu na kumzungumza Mtume? Alikulia katika nyumba ambayo maneno ya namna hiyo yalikuwa ndiyo hewa yake. Baba hakuwepo tena, lakini miaka kumi na minne aliyokuwepo haikwenda bure. Mbegu ilikaa chini ya ardhi, mvua ikaja baadaye.

Tusiseme zaidi ya haki. Profesa Ali hakuwa mwanachuoni wa dini kama alivyotamani baba yake. Alishika elimu ya siasa, na zipo rai zake ambazo maulamaa hawakukubaliana nazo. Hata hivyo aliutetea Uislamu katika majukwaa ambayo sauti zetu hazifiki, na alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Mtoto anapolelewa vizuri haina maana kwamba atakuwa nakala ya baba yake. Maana yake ni kwamba popote atakapokwenda atakuwa na mahali pa kurudi.

Jawabu

Turudi sasa Tabata, kwa swali la kwanza. Je, baba anayelipa skuli, chuo na chakula amelipa deni lake?

Tunasema, na Allah ndiye mwenye kuwafikisha: matumizi ni wajibu, na anayeyatafuta kwa halali ana thawabu kubwa. Kutoka kwake kabla ya alfajiri kwa ajili ya watoto wake ni ibada akinuia hivyo. Hatumdharau wala hatumlaumu. Lakini wajibu haujaisha hapo. Allah Mtukufu katika Suratut-Tahrim ameamrisha waumini wajikinge na moto wao na watu wa nyumba zao, na moto haukingwi kwa ada ya skuli. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kwa alichokichunga, na akaamrisha mtoto aamrishwe sala afikapo miaka saba. Imam Nawawi, katika Al-Majmu', ameeleza kwamba ni wajibu kwa baba na mama kumfundisha mtoto tohara, sala, saumu na mfano wa hayo. Mzazi anaweza kumwakilisha mwalimu katika kufundisha. Kuulizwa hakuna wakala.

Na mafunzo peke yake bila ya mapenzi hayakai. Mtume (S.A.W.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake amempanda mgongoni, hakutaka kumharakisha. Na alipombusu mjukuu wake mbele ya mtu aliyejisifu kwamba ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja, alimfahamisha mtu huyo kwamba asiyerehemu harehemewi. Mtume huyo ni yatima. Hakumuona baba yake, mama alimfia akiwa na miaka sita, babu akiwa na minane, akalelewa na ami yake Abu Talib. Imam Shafi, ambaye wengi wetu visiwani tunasali kwa madhehebu yake, naye alikuwa yatima aliyelelewa na mama masikini. Basi kutokuwa na baba hakumkoseshi mtu kuwa baba. Hilo ndilo jawabu la swali la pili.

Linalotisha ni kinyume chake: mtoto kuwa yatima na baba yake yu hai. Al-Amin alikosa baba lakini hakukosa mtu wa kukaa naye. Mtoto wa ndugu yetu ana baba, na mtu wa kukaa naye hana.

Hapa tunapaswa kukiri. Sisi wenyewe tulipita miaka ambayo asubuhi tulikuwa chuo kikuu, alasiri madrasa, usiku darsa. Majina ya watoto wa watu mia mbili tuliyajua. Mwanetu wa tatu alikwama Juzuu Amma kwa muda wa mwaka mzima, na tukaja kulijua jambo hilo kwa mwalimu mwenzetu, barazani, mbele za watu. Mama yake alikuwa amelisema mara mbili, tukamwambia tutaliangalia. Tangu hapo tuliondosha darsa mbili za wiki, watu wakanung'unika, na tukakaa na mtoto. Hatujajuta. Tunalojutia ni mwaka ule.

Kwa hiyo tulimshauri ndugu yetu mambo machache ambayo mtu mwenye duka Kariakoo anayaweza. Siku mbili za wiki amwachie duka msaidizi mapema, afike nyumbani kabla ya Isha, simu aiweke chumbani. Amsikilize mwanawe Qur'ani yeye mwenyewe, hata kama mwalimu ameshamsikiliza, hata kama yeye baba anasoma kwa kubabaisha. Mtoto akimsahihisha baba, ni furaha ya wote wawili. Sala ya Ijumaa waende pamoja angalau wakati wa likizo. Jumapili moja kwa mwezi ampeleke dukani amuone baba anavyopima, anavyodaiwa, anavyosema kweli juu ya bidhaa yenye kasoro. Na Idi akivuka kuja Pemba, amwoneshe kaburi la babu yake na nyumba ya bibi aliyemwekea maji ya moto.

Kwa wenye watoto wa ndugu zao waliofariki, ushauri wetu ni mmoja. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, nenda ukamtazame mtoto huyo. Usiende na fedha tu. Kaa naye, muulize anasoma nini. Mtume (S.A.W.) amembashiria mlezi wa yatima kuwa karibu naye Peponi kama vilivyo karibu vidole viwili vya mkono mmoja.

Juzi ndugu yetu wa Tabata alitupigia. Hakuwa na swali. Alitaka tujue kwamba mwanawe yupo katika Suratul-Balad, na kwamba usiku ule alimsahihisha baba yake mara tatu.

Ewe Mola wetu, mrehemu Sheikh Al-Amin, na baba yake, na mlezi wake, na walimu wake. Warehemu wazee wetu waliotulea, waliotuzaa na wasiotuzaa. Tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kituo cha macho yetu, na usitufanye tukawa wageni ndani ya nyumba zetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.